Jeni ya Farasi Kwenye Banda la Kuku

Leo nakuja na mnyama ambaye wengi wetu wa pwani hii ya Lindi hatujawahi kumfunga kamba wala kumkatia majani. Nakuja na farasi. Tena simzungumzii farasi mzima, nazungumzia rangi yake tu, na najua kuna mzee mahali fulani ameshasogeza mkono kwenye redio atafute taarabu. Mzee wangu, nivumilie kidogo. Habari hii inaanza kwa farasi, lakini inaishia nyumbani kwako.

Vijana wanatumiana kwenye simu picha za farasi wa kimo kifupi, wale ambao begani hawazidi sentimita 148 au hivi, na katika picha hizo kuna wa rangi moja inayomfanya mtu asimame atazame mara ya pili. Mwili wake ni wa rangi ya korosho iliyokaangwa vizuri, haijaungua. Singa za shingoni ni nyeusi tii. Mkia mweusi. Miguu, kuanzia magotini kwenda chini, myeusi kana kwamba amevuka tope. Wafugaji wa Marekani na Uingereza humwita buckskin. Mimi kwa jioni hii nitamwita farasi wa korosho, na sidhani kama mtu wa Lindi atanilaumu.

Kwanza nijibu swali la wazi: mbona hatunaye hapa? Bahari haikutuzuia. Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, akampokea Sultani al-Hassan bin Suleiman, yule aliyesifika kwa ukarimu, aliondoka Kisiwani kwa jahazi akaenda moja kwa moja Dhofari, kusini mwa Omani. Na huko Dhofari aliandika kwamba farasi wa damu safi walikuwa wakipakiwa vyomboni kupelekwa India. Kwa hiyo manahodha waliojua njia ya Kilwa waliijua pia bandari ya farasi. Upepo ule ule, majahazi yale yale. Farasi walivuka bahari kwa wingi kwenda India, huku kwetu zikaja nguo, vyungu na shanga.

Sababu kubwa iko bara, nyuma ya minazi yetu. Ukitoka pwani ukaingia miombo ya Liwale na Nachingwea, unaingia katika himaya ya mbung'o, ambaye wengine mnamwita ndorobo. Mbung'o hubeba vimelea vya nagana, na farasi akipata nagana hukonda, huishiwa damu, hufa. Juu ya hiyo kuna homa ya farasi ya Afrika, virusi vinavyoenezwa na visubi, wale wadudu wadogo kuliko mbu wanaouma jioni. Homa hiyo ikiingia kwenye zizi la farasi wasio na kinga, inaweza kuwaua tisa kati ya kumi. Pundamilia anaibeba bila kuugua. Punda anaihimili kuliko farasi.

Msafiri David Livingstone alijaribu. Machi 1866 alishuka Mikindani, jirani zetu wa kusini, akiwa na ngamia sita, nyati watatu wa kufugwa kutoka India pamoja na ndama, punda wanne na nyumbu wawili. Nasema nyumbu wale wa kuzaliwa na punda na farasi, si wale wanaokimbia Serengeti. Alitaka kuona kama kuna mnyama wa mizigo atakayemshinda mbung'o. Walikufa mmoja baada ya mwingine njiani kuelekea Ziwa Nyasa, na jaribio lenyewe likakosa jibu safi, kwa sababu Livingstone mwenyewe alilalamika kwamba askari wake wa Kihindi waliwapiga na kuwabebesha kupita kiasi. Ni yupi aliyeuawa na mbung'o na ni yupi aliyeuawa na fimbo? Hakuna aliyeweza kutenganisha.

Miaka hamsini baadaye, katika Vita Kuu ya Kwanza, likaja jaribio lisilohitaji ufafanuzi. Waingereza na Waafrika Kusini waliingia Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1916 na askari wapanda farasi, na ndani ya miezi michache farasi, nyumbu na ng'ombe wao walikuwa wamekufa kwa makumi ya maelfu. Septemba mwaka huo Kilwa na Lindi zilikuwa mikononi mwa Waingereza. Kufikia mapigano ya Narungombe, Julai 1917, na yale ya Mahiwa, Oktoba 1917, risasi, unga na majeruhi vilikuwa vinategemea zaidi vichwa na mabega ya watu. Wapagazi wakafa kwa makumi ya maelfu nao. Babu zetu wengine walikuwa humo. Mnyama asipokuwepo, mzigo haubaki chini. Anatafutwa binadamu wa kuubeba.

Basi hiyo ndiyo sababu ya farasi wa korosho kutokuonekana Nangurukuru. Turudi kwenye rangi yake.

Kila mnyama anayezaliwa na baba na mama hupokea nakala mbili za karibu kila jeni, moja ya baba na moja ya mama. Shika hapo, usiache, maana kila kitu ninachokisema leo kinasimama juu ya hesabu hiyo ya mbili. Nywele za farasi nazo zina rangi za asili mbili tu: melanini nyeusi na melanini nyekundu. Hakuna ya tatu. Farasi wote unaowaona, wa maziwa, wa majivu, wa dhahabu, wa damu ya mzee, wametokana na hizo mbili kuongezwa, kupunguzwa, kuhamishwa au kuzuiwa.

Jeni ya kwanza huamua kama farasi ataweza kutengeneza nyeusi. Asipoweza, anakuwa mwekundu kuanzia mwili mpaka singa. Jeni ya pili humwambia yule mwenye uwezo wa nyeusi aiweke wapi: aitandaze mwili mzima, awe mweusi, au aibakize kwenye singa, mkia, miguu na ncha za masikio, huku mwili ukibaki mwekundu. Huyu wa mwisho, mwekundu wa singa nyeusi, ni wa kawaida sana duniani. Waarabu wamemsifu katika mashairi kwa karne nyingi.

Jeni ya tatu jina lake ni herufi na tarakimu tu, SLC45A2. Sikutaka kuwachosha nalo, lakini litarudi, kwa hiyo liandikeni pembeni. Jeni hii hutoa maelekezo ya kutengeneza protini inayokaa kwenye vifuko vidogo sana ndani ya seli, vile vifuko ambamo melanini hupikwa, na kusaidia hali ya uchachu humo ndani iwe ya kufaa. Mwaka 2003 watafiti wa Ufaransa waligundua kwamba farasi wenye rangi iliyofifia wana badiliko la herufi moja katika jeni hii. Kwa badiliko hilo, kiungo kimoja cha protini, kile cha nafasi ya 153, hubadilika kuwa kingine. Herufi moja, jamani, katika kitabu chenye mabilioni ya herufi.

Farasi akipata nakala moja tu iliyobadilika, nyekundu yake hufifia kuwa ya manjano, lakini nyeusi haiguswi sana. Mchukue sasa yule mwekundu wa singa nyeusi. Fifisha nyekundu ya mwili, acha nyeusi ya singa na miguu. Umeshampata farasi wa korosho. Mchukue yule mwekundu mwili mzima, mfifishe vilevile, utapata farasi wa dhahabu mwenye singa nyeupe, ambaye matajiri wa sinema wamempenda sana.

Akipata nakala zote mbili zilizobadilika, mambo yanakuwa mengine. Hata nyeusi hufifia. Farasi anazaliwa wa rangi ya malai mwili mzima, ngozi ya waridi, macho ya buluu. Si mgonjwa, wala si kiwete. Anaona. Ngozi yake ya waridi huungua kirahisi zaidi na jua, basi. Sasa fanya hesabu: farasi wawili wa korosho, kila mmoja ana nakala moja iliyobadilika na moja ya kawaida, wakizaa, kwa wastani mtoto mmoja kati ya wanne hatakuwa na badiliko lolote, wawili watakuwa na nakala moja, na mmoja atazaliwa wa malai mwenye macho ya buluu. Wazazi wote wawili wana singa nyeusi na macho meusi, na mtoto wao ni mweupe.

Na kuna kituko kingine ambacho ndicho hasa kilichonileta mbele ya kipaza sauti leo. Nilisema nakala moja haiigusi nyeusi sana. Je, farasi mweusi mwili mzima akiwa na nakala moja iliyobadilika? Haonyeshi kitu. Pengine ukimtazama juani utaona weusi wake umekolea kidogo chini ya wa mwenzake, pengine usione hata hicho. Anaitembeza siri hiyo maisha yake yote. Siku akikutana na dume mwekundu wa singa nyeusi, asiye na badiliko lolote, anaweza kuzaa mtoto wa korosho. Mama mweusi, baba mwekundu, mtoto wa rangi ambayo hakuna mzazi aliyekuwa nayo. Kabla ya vipimo vya vinasaba, mfugaji angefanya nini? Angekwenda kugombana na jirani kuhusu dume lake lililoruka uzio. Jike angetuhumiwa, na jirani angetuhumiwa, wakati hesabu ilikuwa imekaa kimya kwenye damu ya watu wa nyumba ile ile.

Naomba mlikumbuke hilo jike.

Kabla sijaendelea, kuna mtu atasema: lakini punda wetu naye ana rangi ya namna hiyo, kijivujivu au kahawia hafifu, na ncha nyeusi. Hapana, punda ni habari nyingine. Mtazame mgongoni: ana mstari mweusi unaoanzia shingoni hadi mkiani, na mstari mwingine unaoukata mabegani. Farasi wa korosho hana mistari hiyo. Ufifiaji wa punda ndio ule wa asili, walionao punda mwitu na farasi wa mwituni wa Mongolia, na jeni yake ni nyingine kabisa, TBX3, iliyoelezwa mwaka 2016 na watafiti wakiongozwa na Wasweden. Yenyewe haiichezei melanini kwa kemia. Inaamua melanini iwekwe upande gani wa unywele. Ukiukata unywele wa mnyama wa aina hiyo ukautazama kwa hadubini, utakuta rangi imejazana upande mmoja, upande mwingine umeachwa wazi, na ndiyo maana ukiutazama kwa mbali unaona umefifia.

Sasa tuingie bandani.

Wengi wenu mnafuga kuku wa mayai, wale wa rangi ya kahawia. Vifaranga vya siku moja vinakuja kwa maboksi kutoka Dar es Salaam, na muuzaji anakuahidi kwamba vyote ni majike. Umewahi kujiuliza amejuaje? Kifaranga cha siku moja hakina upanga wala kishungi cha kukutambulisha. Jibu ni rangi. Katika kuku hao wa kibiashara, majike huanguliwa na manyoya ya kahawia, na majogoo huanguliwa ya njano nyeupe. Mfanyakazi wa kiwanda cha kutotolesha anatenganisha kwa jicho tu, maelfu kwa siku. Na jeni inayofanya kazi hiyo, iliyothibitishwa mwaka 2007, ni ile ile niliyowaambia muiandike pembeni: SLC45A2. Ile ya farasi wa korosho.

Kwa kuku inafanya karibu kitu kile kile. Nakala iliyobadilika huzuia nyekundu na manjano, nyeusi inabaki. Ndiyo maana unawaona kuku wengine weupe wenye shingo za madoa meusi: nyekundu imeondolewa, nyeusi imeachwa. Tofauti ni kwamba kwa kuku jeni hii iko juu ya kromosomu ya jinsia. Jogoo ana kromosomu hizo mbili, kwa hiyo ana nakala mbili. Tembe ana moja tu, na hiyo moja ameipata kwa baba yake. Basi wazalishaji wanachukua jogoo wa dhahabu, asiye na badiliko, wanampa majike weupe wenye badiliko. Kila binti anapokea nakala ya baba peke yake, anatoka wa kahawia. Kila mtoto wa kiume anapokea ya baba na ya mama, ya mama inatawala, anatoka mweupe. Hakuna bahati nasibu hapo.

Na kwa kuwa tumefika hapo niseme jambo dogo kwa akina baba. Kwa kuku, jike ndiye anayeamua kifaranga kiwe dume au jike. Kwa binadamu ni kinyume chake: mbegu ya baba ndiyo inayoamua. Yule anayemnunia mkewe kwa sababu amezaa binti wa nne, ajinunie mwenyewe, au ahamie kwenye ukoo wa kuku.

Jeni hii imetapakaa mno kwa viumbe. Chui milia weupe wa India, wale wenye macho ya buluu wanaoonyeshwa kwenye bustani za wanyama, wana badiliko katika jeni hiyo hiyo. Mwaka 1966 alikamatwa sokwe mkubwa, gorila, mweupe kabisa, katika nchi ambayo leo ni Guinea ya Ikweta. Akapelekwa Barcelona, akaishi huko mpaka 2003, watu wakitoka mbali kumtazama. Miaka kumi baada ya kifo chake watafiti wa Hispania walisoma vinasaba vyake vyote wakakuta nakala zote mbili za SLC45A2 zina kasoro moja inayofanana, pamoja na dalili kwamba baba na mama yake walikuwa ndugu wa karibu. Gorila huyo alikufa kwa saratani ya ngozi, ingawa hakuwahi kulima shamba juani.

Na binadamu? Naye yumo. Watu wengi wa asili ya Ulaya wana badiliko lao katika jeni hii, na ni mojawapo ya sababu za weupe wa ngozi zao. Halafu kuna mabadiliko mengine, makubwa zaidi, ambayo mtoto akiyapata kwa wazazi wote wawili huzaliwa na ualbino. Hiyo ni aina ya nne ya ualbino wa ngozi na macho, na imeonekana zaidi Japani kuliko hapa.

Aina iliyo kubwa kwetu inatoka kwenye jeni jirani yake wa kazi, inayoitwa OCA2, inayohudumu kwenye vifuko vile vile vya kupikia melanini. Utafiti wa miaka ya 1990 uliowahusu Watanzania ulikuta kwamba sehemu kubwa ya nakala mbovu zina kasoro ya namna moja: kipande cha herufi takriban 2,700 kimekatika. Kipande hicho hicho kimekatika kwa watu wa Zambia, Kameruni na Afrika Kusini. Hiyo inaonyesha kwamba kasoro hii ni ya kale, imetembea na babu zetu walipokuwa wakihama na majembe yao, kabla hakujawa na Mmwera, Mmakonde, Mngindo wala Mmatumbi.

Simfananishi mtu na mnyama, msikilizaji. Nafananisha hesabu, na hesabu haichagui nani ana miguu minne na nani ana miwili. Ualbino hujitokeza mtoto anapopata nakala mbili zenye kasoro. Mwenye moja haonyeshi kitu, kama yule farasi jike mweusi. Ngozi yake nyeusi, macho yake meusi, nywele zake za kipilipili, na hajui chochote.

Wangapi wako hivyo? Kadirio linalotajwa mara nyingi kwa Tanzania ni mtu mmoja mwenye ualbino kwa kila watu 1,400. Ukilipeleka kadirio hilo kwenye hesabu ya kawaida ya wanasayansi wa urithi, ukachukulia kwamba karibu wote wanatokana na jeni moja, unapata kwamba takriban mtu mmoja kati ya kila 19 anabeba nakala moja bila kujua. Panda Coaster ya Lindi kwenda Kilwa Masoko, ijaze kama wanavyoijaza, na kwa kawaida humo ndani utakuta mmoja au wawili wanaobeba. Huenda ni konda. Huenda ni yule shehe aliyekaa mbele. Huenda ni mimi au wewe.

Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mwenye ualbino. Kila mimba, nasisitiza. Kuzaa mmoja leo hakupunguzi nafasi ya mwingine kesho, wala kuzaa watatu wasio nao hakumaanishi zamu imewadia. Binamu wakioana, kama desturi ilivyo katika baadhi ya koo za pwani, nafasi huongezeka, kwa kuwa bibi mmoja anaweza kuwa amewapa wote wawili nakala moja. Sisemi watu waache kuoa binamu, hayo ni ya familia na viongozi wa dini. Nasema waijue hesabu.

Hapa ndipo ninapomrudia yule jike aliyesingiziwa. Mama wa pwani anajifungua mtoto mwenye ualbino, na kabla maziwa hayajatoka maneno yameshatoka. Ametembea na Mzungu. Ameingiliwa na jini. Amekanyaga kitu. Kwao kuna mkosi. Baba anafunga begi anakwenda Dar, harudi. Wapo wanawake wengi katika nchi hii waliolea watoto hawa peke yao kwa sababu hiyo, na hesabu inawatetea wote. Mtoto mwenye ualbino hawezi kupatikana kwa mama peke yake. Nakala moja imetoka kwa baba, kwa kiwango sawasawa na cha mama. Sasa wako wanaouliza: je, kama kweli mama alitembea na Mzungu? Mtoto wa Mzungu na Mwafrika ni chotara, na ngozi ya chotara hupata rangi. Uzungu wa baba haumletei mtoto ualbino, na mwenye macho anaona tofauti.

Nchi hii iliwahi kupita kwenye giza baya. Kuanzia miaka ya 2007 na 2008 tulisikia habari za watu wenye ualbino kuuawa na kukatwa viungo, zaidi kanda ya ziwa, kwa sababu waganga waliwaambia wateja wao kwamba viungo hivyo huleta utajiri. Mwaka 2008 Rais Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir kuwa mbunge, mama mwenye ualbino. Na Oktoba 2010, katikati ya hofu ile, wapiga kura wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfani Barwany wa CUF, akawa mtu wa kwanza mwenye ualbino kuingia Bunge la Tanzania kwa kura za wananchi wa jimbo. Hatukusubiri semina ya wafadhili. Tulisimama kwenye foleni tukapiga kura. Mwaka 2015 alishindwa, kama wabunge wengine wanavyoshindwa, kwa siasa za kawaida za vyama. Kwangu mimi hata kule kushindwa kwake kwa mambo ya kawaida kulikuwa na heshima ndani yake.

Kwa hiyo watu wa Lindi hatuna kisingizio cha kurudi nyuma. Tatizo la mtoto mwenye ualbino kwenye pwani hii ni jua, na jua letu halina mzaha. Ngozi isiyo na melanini huanza kuharibika utotoni, vidonda vya midomo na masikio vikapuuzwa, saratani ikaja mtu akiwa bado kijana. Macho nayo huona hafifu kwa mbali, na mtoto aliyekalishwa nyuma ya darasa anahesabiwa kuwa mjinga kumbe haoni ubao. Kofia yenye ukingo mpana, si kapelo ya mpira inayoacha masikio nje. Shati la mikono mirefu hata kwenye joto la Januari. Losheni ya kukinga jua, asubuhi na tena mchana. Kule Moshi hutengenezwa losheni ya Kilisun mahususi kwa watu wenye ualbino, kwa hiyo mkiwa hospitali au kliniki ulizeni habari zake, na mkiambiwa haipo, ulizeni tena mwezi ujao, mpaka wachoke kuwaambia haipo.

Walimu mnaonisikiliza, kesho asubuhi mhamisheni mtoto huyo mbele, karibu na ubao, upande usiopigwa na jua la dirishani. Haina gharama. Na wewe baba uliyefunga begi, hata kama ni miaka saba iliyopita: rudi ukamwombe radhi mama wa mtoto wako, na ukifika nyumbani ufike na kofia pana mkononi.